Mama Bila Feza

Jumatatu, 3 Juni
Tena nimesoma maoni kabla ya kunawa uso. Ya sifa nimeshayasahau. Yanayouma nimeyakariri.

Mchezo wangu ni mwepesi kuueleza. Unasukuma baiskeli, kinga kwa lugha ya kwetu, yenye magunia ya makala, yaani makaa, kutoka Kasungami hadi sokoni mjini. Mashimo, malori, vumbi. Njia nzima mama yako anakupigia simu na kukugombeza. Nilidhani hapo ndipo penye kichekesho.

Mmoja anayejiita Mutoto wa Mokambo kaandika kuhusu jeu, yaani mchezo: "Jeu iko muzuri. Mais ule mama anachokesha. Anauliza makala, anauliza feza. Hata siku moja haulize kama mutoto alikula."

Lakini eti mama anachosha! Nimemjibu aya tatu. Nimemwambia akitaka mama mpole, akae chini atengeneze mchezo wake. Nilijisikia vizuri mpaka mchana, baadaye vibaya.

Jumanne, 4 Juni
Gloire anasema nisijibu watu. Yeye ndiye anayetengeneza sauti na muziki wa mchezo, na hasomi maoni kabisa. Rahisi kwake. "Véro, utajibu inchi muzima?"

Nikaenda kulifuta jibu langu. Nimechelewa. Mutoto wa Mokambo kalipiga picha na kulitupa kwenye kundi la wachezaji. Sasa wanakuja kumwangalia mtengenezaji mwenye hasira. Wengine wanajaribu kunichokoza makusudi. Dukani, ninakotoa fotokopi, nilimtolea mteja nakala za upande usio na maandishi.

Ijumaa, 7 Juni
Jambo limetokea. Mtu amekata sauti ya mama wa mchezoni, pale anaposema "Usirudiye bila feza!", akaibandika kwenye video ya mchezaji wa mpira aliyekosa goli. Mwingine kaibandika kwenye video ya bwana arusi anayeingia kanisani. Sasa imeenea kila mahali. Waliopakua mchezo wanaongezeka kila nikiangalia, na ninaangalia kila dakika.

Gloire alikuja dukani akacheza ngoma mbele ya mashine ya fotokopi. Nakiri hapa tu: nimefurahi kupita kiasi. Nilinunua samaki.

Sauti ni ya Mama. Mama wangu wa kweli. Tulirekodi chumbani, blanketi dirishani ili sauti za majogoo wa jirani zisiingie. Maneno niliyaandika mimi. Alipofika kwenye mstari ule alivua miwani. "Miye siwezi kusema vile." Nikamwambia ni mchezo, Maman, ni ya kuchekesha. Akasoma tena, kwa nguvu zaidi, ili tumalize. Hiyo ndiyo niliyoitumia.

Jumapili, 9 Juni
Baada ya misa. Vijana wameketi ukutani nje ya kanisa. "Mama Bila Feza! Usirudiye!" Mama aligeuka kutazama anaitwa nani. Kisha mmoja akainua simu, na kwenye simu ilikuwa sauti yake mwenyewe. Akaendelea kutembea. Mkoba ameukumbatia kifuani.

Mtaa mzima wa Hewa Bora unamwita Mama Véro tangu nizaliwe. Jina langu limo ndani ya jina lake. Na mimi ndiye niliyemvua jina hilo.

Nyumbani tulikula bukari, yaani ugali, na sombe ya majani ya muhogo. Mama aliomba chumvi tu.

Jumatatu, 10 Juni
Gloire anasema itapita, mambo ya mtandaoni hayakai wiki. Labda.

Maoni hayazungumzii mchezo tena. Yanamzungumzia yule mama. Mchoyo. Anamla mtoto wake. Mmoja ameandika "mulozi", mchawi, akaweka vicheko. Mama ni mjane, anaishi na mimi, binti ambaye hajaolewa, kwenye mtaa ambao neno hilo halichekeshi mtu. Nimefuta. Likaandikwa tena na mwingine. Nimefuta. Nimeshinda siku nzima nikifuta, kama mtu anayechota maji kwa ungo.

Na bado waliopakua wanaongezeka. Na bado ninaangalia. Najichukia kidogo.

Jumatano, 12 Juni
Mama hakwenda mazoezi ya kwaya. Anasema koo linauma. Hana maumivu wala kikohozi.

Kumbe kwenye bomba la maji mwenzake wa kwaya alimwuliza, kwa huruma kabisa, kama ni kweli alikuwa akituma watoto kuuza makala. Yeye, mtoto wa mtu wa reli, aliyefua nguo za watu baada ya Baba kufa ili sisi tusome. Akamjibu hapana. Mwenzake akasema, lakini tumekusikia.

Jioni akaniambia neno moja tu. "Bantu banajua sauti yangu, Véro. Njo hii ninaimbiaka Mungu."

Ndiyo hiyo anayomwimbia Mungu, kweli. Nilikasirika. Na yeye, si na vijana. Nilimwambia mchezo ni mchezo, kila mtu anajua. Nikatoka, nikaubamiza mlango wa lupango, wa ua wetu. Nilipofika barabarani sikujua ninakwenda wapi. Nikanunua karanga nisizozitaka, nikarudi.

Ijumaa, 14 Juni
Tumegombana na Gloire. Anataka turekodi mistari mipya ya Mama. Mingi. Mikali zaidi. Sasa, kungali moto. Nikamwambia Mama hatarekodi tena. Akasema basi tunauua mchezo wetu kwa mikono yetu.

Naye ana haki. Amefanya kazi bila mshahara tangu tulipoanza, anatengeneza sauti kwenye kompyuta yenye skrini iliyopasuka. Kwa mara ya kwanza watu wanatujua, na mimi ninataka kuzima redio. Hilo ndilo linaloniuma. Ingekuwa rahisi kama angekuwa mjinga.

Jumapili, 16 Juni
Mama alikwenda misa ya asubuhi sana. Aliketi nyuma, mbali na kwaya. Kanisa liliimba bila yeye, na ilisikika.

Mchana alikuwa anachambua maharage uani. Nikaketi karibu. Nikamwuliza swali ambalo sikumwuliza siku ile ya kurekodi: kama ungekuwa wewe kweli, ungemwambia nini mtoto huyo?

Hakuinua uso. "Singemupigia."

Nikangoja.

"Muntu anasukuma kinga, na magunia yote ile, atakamata telefone na mukono gani? Atagongwa. Miye ningeenda kumungojea mu njia."

Nilisaidia kuchambua maharage, vibaya, akayarudia yote.

Jumanne, 18 Juni
Nimeondoa simu zote. Sauti yote ya Mama, kuanzia Kasungami hadi sokoni. Nimetoa toleo jipya mchana, katikati ya wateja wawili. Nilimwambia Gloire baadaye. Alisoma. Hakujibu.

Kwenye simu za watu itaendelea kuwapo, najua. Siwezi kuingia kila mfukoni.

Alhamisi, 20 Juni
"Rudisha mama." "Mumeua jeu." "Bila ule mama ni kinga tu na mavumbi." Nyota tunazopewa zinapungua. Mmoja anasema nimeogopa. Kweli nimeogopa.

Sikai mahali pamoja. Ninasoma maoni kwenye foleni ya maji, ninasoma nikisubiri mashine ipate moto. Naandika jibu, nafuta. Jibu zuri ninalo, lingewanyamazisha wote: yule ni mama yangu, anaimba kwaya, mnamuumiza. Lakini nikiliandika watakuja kumtafuta wakiwa na simu mkononi. Kwa hiyo jibu pekee lenye maana ndilo nisiloweza kulitoa. Ninalizungusha mdomoni siku nzima.

Mutoto wa Mokambo hajaandika kitu. Hata yeye. Ninamkumbuka, ajabu.

Jumamosi, 22 Juni
Gloire alikuja bila kuniambia. Nilidhani amekuja kuchukua vitu vyake. Mama akamwekea bukari kama kawaida, akamwongeza mchuzi bila kumwuliza. Gloire hakuweza kumtazama. Alikula akitazama sahani, akamaliza yote.

Baadaye akaniambia njia imekuwa tupu mno. Atatengeneza upepo, mnyororo, pumzi ya anayesukuma. "Ile pumzi, nitaifanya mwenyewe. Nitapanda mulima." Habari ya kuombana msamaha haikuzungumzwa.

Mama akaomba simu. Hajawahi kuucheza mchezo huu hata mara moja, na mimi sikuwahi kumpa. Aliingia shimo la kwanza, magunia yakamwagika, akacheka mpaka akafuta macho. Akajaribu tena. Halafu tena. Mwishowe Gloire akamsukumia baiskeli. Walipofika sokoni ikatokea idadi ya pointi.

"Ni ile tu?"

Ndiyo, Maman.

"Huyu mutoto akifika, nani anamupokea?"

Hakuna mtu. Sikuwahi kufikiria. Akanirudishia simu, akaenda kuanika nguo.

Jumatano, 26 Juni
Nachora mama mwishoni mwa njia. Ameketi kwenye kigoda kando ya barabara kabla ya soko. Baiskeli ikikaribia, anasimama. Basi.

Kumsimamisha tu kumenichukua siku mbili. Kwanza aliruka kama askari. Sasa anaweka mkono kwenye goti, anajiinua. Uso wa kwanza ulifanana na Mama, nikaufuta. Wa pili pia. Wa tatu si wa mtu yeyote ninayemjua. Kitenge nimempa rangi ambayo Mama haivai.

Gloire ameuliza atie sauti gani pale. Nikasema hakuna. Akakubali.

Jumapili, 30 Juni
Sikukuu ya uhuru na Jumapili kwa pamoja. Vijana ukutani ni wachache. Mmoja tu alipiga kelele: "Mama Bila Feza!"

Mama alisimama. Nilitaka kumvuta mkono. Akamkaribia yule kijana, akamwuliza kwa upole: "Mama yako anaitwa nani?"

Kijana akataja jina, taratibu.

"Mupelekee salamu. Umuambie ni Mama Véro wa kwaya."

Tukaenda. Amerudi kwaya, lakini kwenye safu ya nyuma. Ule wimbo wa komunyo aliokuwa akiuanzisha peke yake sasa anauanzisha mwingine, vizuri kiasi. Hilo halijarudi. Sijui kama litarudi, na siwezi kulitengeneza mimi.

Alhamisi, 4 Julai
Baridi. Wateja wachache. Toleo jipya limetoka juzi. Wanaocheza wamepungua sana. Waliokuja kucheka wamekwenda kucheka kwingine. Waliobaki wanalalamikia mashimo. Wana haki, shimo la karibu na daraja ni kubwa mno. Nitalipunguza.

Saa za mchana ameandika Mutoto wa Mokambo. "Nilifika ku mwisho. Kuko mama moja. Anasimama, anaangalia mutoto, hasemi kintu. Jeu imeharibika, ao njo vile iko?"

Niliandika aya nzima. Nikaisoma. Nikaifuta yote, nikamjibu: "Njo vile iko."