Wiki Baba Alipojitoa Kwenye Grupu

Jumatatu, 1 Julai 2024

Jumamosi washenga wa Danford wanakuja nyumbani Dutwa kumaliza maneno ya mahari, na baba ataje tarehe ya harusi. Nimeuza dawa za kupe kutwa nzima hapa dukani Bariadi huku natabasamu peke yangu, mpaka mzee mmoja mfugaji akaniuliza kama kupe ndio wananifurahisha. Nikamwambia ndiyo.

Danford kaingizwa jana kwenye grupu letu la ukoo. Baba mwenyewe ndiye aliyesema aingie, azoee watu. Na baba ninamjua: mzee wa kanisa, mkulima wa pamba, mwenye maksai wawili aliowapa majina ya Sayuni na Yerusalemu. (Yerusalemu ni mvivu. Anayelima ni Sayuni.) Kwa hiyo nimemwambia Danford: wewe salimia, weka amina, basi. Akasema sawa. Mwalimu wa historia akikubali upesi hivyo ujue hajasikia.

Jumanne, 2 Julai

Jamani Danford!

Asubuhi baba karusha video ya mhubiri fulani, anasema anayeikosoa Israeli anawaunga mkono magaidi wa ile Oktoba ya mwaka jana. Amina zikamiminika. Mchumba wangu badala ya amina akaandika insha. Kwamba shambulio lile lilikuwa unyama mtupu, na vijana wetu wawili wa Kitanzania waliokwenda kule kujifunza kilimo waliuawa, na sote tuliwalilia. Ila yeye anaikosoa Israeli kwa namna ilivyojibu, maana watoto wa Gaza hawakumvamia mtu. Akamalizia: "Nawasilisha, baba." Nawasilisha — kama yuko kwenye kikao cha walimu!

Halafu baba akatuma sauti, kaanza kwa kukohoa. Mtu avamiwe kwake, auliwe watu wake, wengine wabebwe mateka, halafu mnataka akae chini apime kwanza arushe jiwe la ukubwa gani? Na hilo nalo ni swali, siwezi kusema si swali. Danford akajibu. Baba akajibu. Danford akaweka ramani ya Gaza.

Mchana nafungua simu: *Masunga ametoka kwenye kikundi.* Ndiye baba.

Nilicheka, kisha nikaanza kulia, kisha nikacheka tena. Mteja akaondoka bila chenji yake.

Jumatano, 3 Julai

Mambo yamekua. Shangazi Specioza alikwenda kumsimulia bibi Nyanjige, ambaye Kiswahili chake ni cha kununulia chumvi tu. Shangazi akafika kwenye neno "kukosoa", akakwama. Kwa Kisukuma cha haraka haraka likamtoka "kutukana", na Israeli ikawa Yerusalemu. Basi. Hadi jioni majirani wote wanajua kwamba mchumba wa Joyness ametukana Yerusalemu. Mama Mwandu, wa ng'ambo ya shamba letu, kampigia mama kwa huruma kabisa, kuuliza huyo ng'ombe alimfanya nini Danford.

Nimempigia Danford huko Lamadi anakofundisha. Nikamwambia afute aliyoandika na aombe radhi yaishe. Akasema kwamba ataomba radhi kwa kumjibu mkwe mbele za watu, hapo alikosa adabu. Ila maneno yenyewe akiyafuta atakuwa amemdanganya baba kabla hata hajaoa. Nikamkatia simu. Nikakaa nayo mkononi, hasira inaisha yenyewe. Ndicho nilichompendea huyu mtu, na ndicho kitakachoninyima harusi.

Alhamisi, 4 Julai

Baba kapiga. Jumamosi wasije. Akakata simu. Nimepanga rafu zote za dawa upya, na zilikuwa zimepangwa.

Ijumaa, 5 Julai

Niko nyumbani Dutwa. Nina furaha hata kalamu inaniruka.

Nilifika nikamkuta mama anakata viazi vitamu vya kuanika michembe. Baba kwenye kiti chake, redio sikioni, kanuna rasmi. Nikasema nilichokuja nacho: kwamba nampenda Danford na sitaki mwingine. Baba akasema hawezi kumpa binti yake rafiki wa magaidi.

Mama akaweka kisu chini. Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akafuta macho kwa kanga.

"Masunga," akasema, "rafiki wa wezi wewe."

Baba akazima redio. "Philomena, hayo yamefikaje hapa?"

Yamefika kwa miguu yake, mama akasema, na akanisimulia mbele yake. Enzi za sungusungu, wale walinzi wa vijiji, kijiji alikokulia mama — baba alikuwa amehamia huko kijana, anachunga kwa mjomba wake. Wezi wakaja usiku, wakaua mchungaji, wakaswaga ng'ombe. Sungusungu wakafuata nyayo, wakafika kwao wale wezi, wezi hawapo. Wakachoma mji mzima. Nyumba za shangazi zao, za bibi zao, maghala. Waliporudi watu wakashangilia. Kwenye mkutano akasimama kijana mmoja tu akasema: wezi ni wawili na tunawataka, ila hao wengine wamekosa nini? Wakamuuliza alikula wapi na wezi. Wakamtenga. Asisalimiwe, asipewe moto, asipewe maji.

"Huyo hapo," mama akasema, akimwonyesha baba kwa kiazi.

Mimi sikuwahi kuambiwa! Nilijua tu kwamba walikutana kisimani. Kumbe kisimani baba alikuwa amesimama pembeni na ndoo tupu, hakuna anayemruhusu kusogea, na mama akamwendea. Akamsalimia kwa sauti, wote wasikie, akamjazia ndoo. Babu akamchapa jioni ile. Baba alituma washenga mavuno yalipoisha.

"Ulisema yule aliyeuawa hakustahili kuliliwa?" mama akamuuliza.

"Nililia mimi. Yule mchungaji tulikuwa tunachunga pamoja."

"Ulitukana sungusungu?"

"Sikutukana. Nilisema wamezidisha."

"Haya. Danford kasema nini?"

Baba akatazama redio yake. Akasema Islaeli si sungusungu (baba na herufi *r* hawajapatana bado), ile ni nchi, ina maadui pande zote, na Maandiko yapo. Mama akasema Maandiko yapo, hakuna aliyeyachoma. Baba akaenda kuwatazama maksai. Alikaa huko sana.

Nikamuuliza mama kuhusu kesho, maana baba kasema wasije. Mama akaokota kisu. "Kasema yeye. Mimi nimeshamwambia Januarius awalete." Januarius ndiye mkubwa wa washenga. Namwogopa mama yangu, na nampenda mpaka najisikia kuimba.

Jumamosi, 6 Julai

Naandikia jikoni, goti ndilo meza, ubwabwa uko motoni.

Wamefika asubuhi. Januarius mbele, wenzake wawili, na Danford nyuma kabisa ndani ya koti la kuazima. Wakasimama nje ya ua. Baba yuko mlangoni, hakuambiwa na mtu, ila shati la kanisani kavaa. Shangazi Specioza kashika mdomo. Nikawaza: asipomsalimia, yamekwisha.

Baba akageuka akaingia ndani. Akatoka na kikombe cha maji, kakishika mwenyewe kwa mikono miwili, akawapita washenga wote mpaka kwa Danford.

"Mwangaluka," akamsalimia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, baba." Danford akakipokea kikombe.

Akanywa. Mama akajifanya anapepeta mchele. Mchele umeshapikwa!

Danford akaomba radhi ya kumjibu mkwe hadharani, baba akaipokea. Wakaingia. Ng'ombe wa mahari wakaongelewa vizuri, Januarius ana maneno matamu. Mimi nikajua sasa inatajwa tarehe. Badala yake namsikia baba anasema kwa upole: sasa kijana, kabla ya tarehe, ile ramani yako.

Sasa ni mchana. Tarehe bado. Sauti zimepanda, zinashuka, zinapanda. Baba anauliza mateka wangerudije. Danford anasema hajui, ila si kwa njaa ya watoto. Januarius anaomba waongee habari za pamba. Bibi kaketi katikati yao na ugoro wake, anataka kila neno kwa Kisukuma, na safari hii shangazi anatafsiri pole pole.

Mama anasema nisipakue bado. Nimechungulia. Danford yuko pembezoni mwa kiti, baba kamwinamia, kidole juu, uso unang'aa kama siku ya kuuza pamba.

"Hapo umekosea!" anasema. "Umekosea kabisa, mkwe wangu — ngoja, usinijibu kwanza, ngoja —"