Pembetatu Juu ya Vitunguu

Jumatatu, 1 Septemba
Asubuhi kitaluni kwa akina mama wa Ihanja, kama kila Jumatatu. Miche ya vitunguu imetoka vizuri, laini kama nywele za mtoto. Nyasi za kuifunika bado zinatosha. Mama Neema, mwenyekiti wao, kanipa uji.

Nimerudi ofisini, nimemkuta Mjomba. Shikamoo, marahaba, kisha karatasi. Ameagiza vitambaa vya kivuli kutoka nje, vya kutundika kwenye baa yake ya Manyoni. Viko bandarini. Wakala wake wa forodha ameviandika neti za kilimo, maana fungu hilo la ushuru ni jepesi. Vikiitwa vivuli vya kutundika nje, ushuru unapanda. Anataka barua yangu, mimi bibi shamba, kwamba ni vya kitalu cha Ihanja.

Nimesaini. Huyu ndiye aliyenisomesha mama alipofariki. Nimesaini, na muhuri nimepiga.

Alhamisi, 4 Septemba
Forodha wameuliza. Kama ni neti za shamba, mbona kila kimoja kimekatwa pembetatu, kina pindo pande zote na pete za chuma kwenye kona? Swali la haki kabisa. Neti ya shamba inakuja imeviringishwa, unakata mwenyewe. Hivi vimeshonwa vikaisha. Nani duniani anapanda vitunguu pembetatu?

Mjomba anacheka kwenye simu. Eti niandike kwamba ndio utaalamu mpya.

Nimeandika. Kinyaa kitupu.

Jumatano, 10 Septemba
Mzigo umetoka, kwa sharti forodha wapelekewe picha za vitambaa vikiwa shambani. Mjomba kaja na pikapu na fundi. Wamesimamisha nguzo, wamefunga pembetatu nyekundu juu ya matuta. Akina mama vigelegele. "Msaada wenu huo, mama zangu," Mjomba akawaambia.

Fundi akasema nyasi zinaharibu picha. Nikawaambia akina mama waziondoe, kivuli kipo. Mimi, kwa mdomo wangu. Wakaziondoa, wakawapa mbuzi. Hawakuuliza, kwa sababu nimesema mimi.

Mama Neema akamzawadia Mjomba kuku. Akampokea. Mtu mzima, na kitambi chake, akampokea yule kuku!

Ijumaa, 12 Septemba
Nilikuwa kikaoni Ikungi. Saa sita mchana Mama Neema akapiga simu. "Bibi shamba, kuna watu wanafungua ule msaada wanaubeba." Nikampigia Mjomba. Ati picha zimeshapokelewa, na baa inafunguliwa Jumapili. Akaniuliza kama nitakuja kula nyama.

Miche iliyolala kivulini unaizoesha jua kidogo kidogo, siku hadi siku. Hii imevuliwa nguo mchana kweupe. Nyasi zimo matumboni mwa mbuzi. Nikawaambia wafunike na chochote. Wamefunika tuta moja na nusu kwa khanga zao. Hazikutosha.

Nimesonya njia nzima hadi wa bodaboda akageuka kunitazama.

Jumatatu, 15 Septemba
Imekauka. Imebaki ile ya chini ya khanga, nayo nusunusu. Niligusa mche mmoja ukavunjika vidoleni.

Nilijua watanitukana. Badala yake wananipa pole. Mimi! Wanasema jua la mwaka huu si mchezo. Nikaitikia kwa kichwa, ndiyo, jua. Wakanipa uji nikanywa. Kisha nikaenda nyuma ya choo nikautapika wote.

Mjomba ananuka. Mimi nanuka zaidi.

Jumanne, 16 Septemba
Nimewaandikia forodha. Vitambaa si vya kilimo, viko baa, nilidanganya, saini ni yangu. Nakala kwa mkurugenzi wa halmashauri. Wakinifukuza, wamefanya kazi yao.

Nimempigia Mjomba mwenyewe, asisikie kwa watu. Kasema amefuga nyoka. Kasema nisikanyage kwake hata msibani. Nililia kidogo. Ndiye mjomba pekee niliyenaye.

Jioni nikaenda kwa Mama Neema, nikasema yote mbele ya wenzake, hadi ile habari ya nyasi. Mmoja akatema mate chini, karibu na mguu wangu. Mama Neema akamaliza kuchambua mboga. Kisha akasema mbegu zimebaki kidogo. Kesho nije na fyekeo, karatasi niziache huko huko.

Jumatano, 17 Septemba
Nimekwenda. Tumefyeka nyasi kando ya bwawa hadi jua likafika utosini. Hawakunisemesha, nami sikujipendekeza.

Mbegu ikasiwa, tukaifunika. Yakagawanywa matuta ya kutunza, kila mtu na lake. Mama Neema akanionyesha la mwisho kabisa, lililo mbali na maji kuliko yote.

"Lile lako," akasema.

Nimelimwagilia. Mikono ina malengelenge. Kesho tena alfajiri, kabla ya ofisi.