Gogo na Mnara, Raundi Kumi na Tano

4 Februari

Kengele wangu,

Shikamoo yako nimeipokea, marahaba mara mia. Mimi sijambo, na kibanda cha viatu hakijambo, ila mvua imepata tundu jipya juu ya benchi la wateja. Wewe je? Hiyo baridi ya huko imekuachia vidole?

Jana mshonaji wa kibanda cha pili aliniuliza ni pambano gani hili la kuandikiana mwaka mzima. Nikamwambia, mimi nina Gogo, bingwa wa uzito wa juu wa enzi za redio yangu. Binti yangu ana Mnara, bingwa wa leo. Wamepishana miaka hamsini, hawawezi kukutana popote ila kwenye barua zetu. Mimi naandika raundi moja, yeye inayofuata, na uongo marufuku. Akasema nina wazimu. Nikamwambia ashone.

Raundi ya tisa. Gogo anapita chini ya mikono mirefu ya Mnara kama mtu anayepita chini ya kamba ya nguo. Mbavu, mbavu, tumbo! Mnara wako anamkumbatia mwenzake bila haya, mbele za watu! Refa anawaachanisha, anakumbatia tena. Raundi ni ya Gogo, usibishe.

Na usiniletee tena habari za raundi kumi na mbili. Mabingwa wetu walipigana kumi na tano. Kumi na mbili ni mazoezi. Tena nina ombi: zile tatu za mwisho tusiziandike. Njoo tuzimalizie hapa kibandani, mimi na redio, wewe na kijiko na ile sufuria uliyokuwa ukigonga kila raundi ikiisha, mpaka majirani wakakupa jina. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Ni mimi baba yako

2 Machi

Shikamoo Baba,

Natumaini barua hii itakukuta mzima. Mimi mzima, ila mgongo ndio unalalamika. Mashuka ya hoteli hayaishi. Ukitoa rundo kwenye mashine unaletewa jingine, na msimamizi amesimama mlangoni anatafuta kosa.

Ati mgeni! Mimi mgeni kwetu? Nakuja, Baba. Likizo yangu ni Juni, nimeshaiomba.

Raundi ya kumi. Mnara amekasirika. Anarudi nyuma, anautumia urefu wake: kushoto, kushoto, kulia. Maskini Gogo hajawahi kuona mtu wa namna hii. Mabingwa wenu walikuwa saizi ya kabati, wetu ni saizi ya mlango. Jicho lake limeanza kuvimba. Raundi ya Mnara. Na ni kumi na mbili, Baba. Sheria ni sheria.

Mwanao Kengele

9 Aprili

Kengele wangu,

Habari za kazi, na mgongo? Umeniambia Juni, nikafurahi mpaka nikamtangazia kila aliyeleta kiatu. Lile tundu limezibwa. Mshonaji ndiye aliyepanda juu, mimi nilishika ngazi. Afya yangu ni hivyo hivyo, kifua kidogo, na mzee hakosi kikohozi.

Raundi ya kumi na moja. Uongo marufuku, kwa hiyo sidanganyi. Gogo amechelewa kuinuka kwenye kigoda. Pumzi zinakuja kwa shida. Miguu imejaa hadi nimemlegezea kamba za viatu, na refa akanitazama vibaya. Amesimama akiegemea kamba za ulingo, anarusha ngumi moja moja, na Mnara anampiga anavyotaka. Lakini yumo. Aliporudi kwenye kona aliniuliza, "Zimebaki ngapi?" Nikamwambia nne. Akasema, "Nne nitazimudu, mradi nisiachwe peke yangu kwenye kona." Raundi ya Mnara, nimekubali.

Ukipata nafasi kabla ya Juni, njoo.

Ni mimi baba yako

20 Mei

Shikamoo Baba, mzee wa Gogo,

Hujambo wewe na kikohozi chako? Loo, nimecheka! Tangu nizaliwe sijakusikia ukikiri kwamba Gogo amepigwa, wewe usiyekubali aguswe hata na upepo. Nimewasomea wenzangu wa zamu wakapiga makofi. Wamesema hata barua yako yenyewe inakohoa.

Sasa lile baya. Juni imeshindikana. Msimamizi amesema atakayebaki msimu wa wageni ndiye atakayepewa zamu aisimamie, nami nimekubali kubaki. Miaka sita nakunja mashuka, Baba, acha na mimi nisimame mlangoni. Nitakuja Desemba bila kukosa. Usinune.

Haya, raundi ya kumi na mbili, ya mwisho. Siku ya kufa nyani, miti yote huteleza. Gogo anajaribu kuegemea kamba, anazikosa. Mkono wa kulia wa Mnara unatua kidevuni. Gogo chini! Refa anahesabu, saba, nane, tisa, kumi! Gonga sufuria! Nani bingwa?

Mwanao Kengele, mshindi

3 Julai

Shikamoo Baba,

Mbona kimya? Umenuna kweli? Basi, refa alihesabu haraka, nakiri. Gogo ameinuka kwenye tisa. Tupigane kumi na tano kama unavyotaka. Ya kumi na tatu ni zamu yako. Niandikie hata mstari mmoja, Baba. Hata tusi.

Mwanao

18 Agosti

Shikamoo Baba,

Leo sisubiri marahaba. Naandika nikiwa kwenye kigoda chako, na benchi la wateja ni tupu. Mshonaji alinipigia simu hotelini, lakini nilipofika walikuwa wamekwisha kukuzika.

Nilimgombeza, maskini. Nikamuuliza kwa nini hakunipigia mapema, tangu ulipolala kitandani. Akasema ulimkataza. Ulimwambia, "Nimeshamwandikia."

Kweli uliniandikia, Baba. Pumzi uliniandikia, na miguu, na kona. Nikasoma kwa sauti, watu wakacheka. Viatu vyako nimevikuta chini ya benchi, kamba zimetolewa zote, na mshonaji anasema hata hivyo miguu haikuingia.

Barua yangu ya Mei yeye ndiye aliyekusomea. Alipofika kwenye nyani alitaka kuruka, ukamwambia asome yote. Anasema ulicheka mpaka ukakohoa, ukasema refa kahesabu haraka. Ile ya Julai nimeikuta imesukumwa chini ya mlango wa kibanda, haijafunguliwa. Kwa hiyo hukujua kwamba nilimwinua Gogo. Hilo ndilo linaloniua. Uliondoka ukijua kwamba nilimlaza chali nikashangilia. Hiyo zamu waliyoniahidi wamempa mwingine, na hata wangenipa mimi ningeifanyia nini sasa?

Raundi ya kumi na tatu. Zamu ilikuwa yako, naiandika mimi, na uongo marufuku. Gogo yuko katikati ya ulingo. Kamba za viatu zimelegea, pumzi ziko juu juu, anamsubiri mwenzake. Nimegonga sufuria. Mnara hajainuka kwenye kigoda chake. Hana jeraha, wala hakuna aliyemshika. Alizoea kumi na mbili tu. Refa anamwita, hatoki. Anamwita tena, hatoki.

Raundi ni ya Gogo, na pambano ni la Gogo. Sibishi, Baba.

Mwanao Kengele