Mshauri Mmoja, Sitaji Jina

Shoga, acha unachofanya usome. 

Unakumbuka nilivyomwambia bosi, sisi wawili tu, kwamba wateja wenye kiwewe wakiondoka huwa naingia chooni kulia? Leo kasimama mbele ya washauri nasaha wote wa kituo, akatoa mfano: "Kuna mshauri mmoja, sitaji jina, hulia chooni."

Sitaji jina! Huku kanikazia macho mimi! Watu wakaangua kicheko.

Nikanyoosha mkono.

"Na mimi nina mfano. Kuna bosi mmoja, sitaji jina. Mjane anamsimulia alivyofiwa, yeye anakoroma. Mjane akamwamsha, tena akamwomba msamaha kwa kumchosha."

 Chumba kizima kikamgeukia bosi.

"Nani huyo?" akauliza, jasho linamtiririka.

Nikamwambia, "Tulia, bosi. Si unajua hapa tunatunza siri?"