Kidonge cha Wifi

Jumatano, baada ya magharibi. Joto limekaa tu juu ya mapaa ya Kibokoni. Mawingu yako, mvua haitaki kushuka.

Leo ni siku ya arobaini na moja tangu niwe mke wa Swaleh. Bado nazihesabu. Wenzangu niliomaliza nao sekondari wananicheka kwenye simu, ati nitaacha lini, nami nawaambia sitaacha. Blogu hii niliifungua wiki ya harusi ili niandike furaha yangu, na nyinyi wachache mnaonisoma mmeshazoea habari za asumini kitandani na jinsi anavyoniita mahabuba hata akiomba chumvi.

Leo sina hayo. Leo nimetoa siri ya mume wangu.

Swaleh ana selimundu. Chembe zake za damu hujikunja kama mundu zikakwama mishipani, na maumivu yakimshika hata shati hawezi kulivaa. Aliniambia mwenyewe kabla ya posa, akanipeleka nikapimwe nami, na majibu yalipotoka kuwa sina cha kuwarithisha watoto wetu, nilirukaruka pale pale mbele ya watu. Nduguye Rukia, wifi yangu mwenye umri wa miaka kumi na tisa, anao ugonjwa huohuo. Siku nilipotoka fungate alinitazama kutoka kichwani hadi miguuni akasema, "Umenichukulia kakangu, wifi. Fidia yake biriani kila Ijumaa." Nilimpenda papo hapo.

Mwaka jana hospitali ilianza utafiti wa dawa ya ugonjwa huu, wakatafuta watu wa kujitolea. Kaka na dada walikwenda pamoja, wakatolewa damu pamoja. Swaleh akakubaliwa, Rukia akakataliwa. Sababu walielezwa, lakini ilipofika nyumbani haikuwa tena na uzito wowote. Kilichosikika ni kwamba mmoja kapata na mwengine kanyimwa.

Na katika nyumba hii hakuna anayekula peke yake. Mama mkwe wangu akiletewa tufaha moja hulikata vipande vinne, hata kama wawili hawana hamu nalo. Ndivyo alivyowalea. Basi Swaleh naye akagawa. Vidonge viwili kwa siku: kimoja chake, kimoja cha Rukia.

Nilijua wiki ya pili ya ndoa, nilipofua shati lake la kazini nikakuta kidonge kimeyeyuka mfukoni. Aliniketisha, akanieleza, akaniapisha nisimwambie mtu, hata mama. Mnajua nilifanya nini, wasomaji wangu? Nililia kwa raha. Nilijiona nimeolewa na mwanamume asiye na mfano duniani.

Tena sikuishia kunyamaza. Swaleh hutoka mapema kwenda Kilindini, ni karani wa kampuni ya kutoa mizigo bandarini, kwa hivyo kazi ya kupeleka nikaichukua mimi. Kila asubuhi nilikifunga kidonge kwenye karatasi laini, nikakiweka kando ya mahamri, nikampelekea Rukia chumbani. Mkono wenye hina ya harusi ndio uliokuwa ukimpa.

Wiki tatu zilizopita Swaleh alikwenda kliniki ya utafiti nikamsindikiza. Sista Kadzo, muuguzi anayehesabu vidonge vilivyobaki kwenye chupa, alisema damu yake haionyeshi mabadiliko waliyoyatarajia. Akamuuliza, "Unavimeza vyote, babangu?" Swaleh akajibu vyote. Mimi nilikuwa nimeketi pembeni yake, nikatazama sakafu. Daktari akamwongezea kidonge cha tatu kwa siku.

Tulirudi tukicheka njia nzima hadi Makadara. Kilichoongezwa tulimpa Rukia.



Wiki iliyopita Rukia akaota vidonda mdomoni. Kisha homa. Jumapili akalazwa. Chembe nyeupe za damu, zile za kupigana na maradhi, zimeshuka karibu ziishe, na madaktari wa wadi hawakujua kwa nini. Walimuuliza mama anatumia dawa gani. Mama akawatajia zile za kawaida, akaapa kwa Mungu hakuna nyengine, naye alikuwa mkweli. Rukia alifumba macho. Swaleh alikuwa amesimama pale, na mimi nyuma yake.

Nje kwenye ukumbi nilimshika Swaleh mkono. Akaniambia, "Nikisema watanitoa, na yeye hatapata tena." Nikanyamaza Jumapili. Nikanyamaza Jumatatu na jana.

Leo asubuhi nilitia ile chupa ya vidonge kwenye mkoba. Saa ya kuwaona wagonjwa nilimkuta Rukia hawezi kumeza hata uji, midomo imepasuka, mama anampangusa kwa kitambaa chenye maji. Daktari wa wadi, dada mdogo tu, labda ananizidi miaka mitatu, aliuliza tena lile swali. Swaleh alikuwa kazini. Nilimfuata daktari mlangoni, nikamwonyesha chupa, nikasema yote.

Hakunipigia kelele. Aliuliza vingapi, tangu lini, cha mwisho lini. Akaandika haraka, akapiga simu.

Sista Kadzo alikuja anahema. Alisoma jalada la Rukia, akakaa kwenye benchi karibu yangu.

"Binti yangu, huyu tulimwacha kwa sababu ya ini lake," alisema. "Si kwamba tulimnyima. Tuliogopa haya haya."

Alilifunga jalada.

"Na huyo mumeo, kila tulichoandika juu yake ni uwongo. Tulishaanza kufikiri dawa ni ndogo, tuwaongeze na wengine." Alivua miwani. "Wengine ni watoto."

Mama alikuwa amesikia. Aliacha kumpangusa Rukia. "Ni wewe uliyekuwa ukimpelekea? Na mahamri yangu?" Nikaitikia kwa kichwa. Akanigeuzia mgongo, akaendelea kumpangusa mwanawe.

Nilipoinama kumuomba Rukia radhi alifungua jicho moja. "Wifi," alinong'ona, "una mdomo kama kasuku." Akajaribu kucheka, kidonda kikamzuia.

Swaleh alifika alasiri na sare yake ya kazi. Nilimweleza mwenyewe, sikutaka asikie kwa mwengine. Alisema neno moja tu, "Nilikuapisha," akapita kwenda kitandani kwa nduguye. Yeye ametolewa kwenye utafiti leo hii. Mwezi ujao, maumivu yakimrudia kwa nguvu zote, hatakuwa hata na kile kidonge kimoja.

Nimekuja nyumbani peke yangu. Nimepika wali na samaki wa kupaka, chakula chake anachokipenda, kimepoa. Nampenda. Nampenda hata sasa hivi, amekasirika na hayupo, kuliko siku aliyonivisha pete. Lakini nimejifunza kuwa mapenzi yetu yalikuwa yakimuua mtu huku sisi tukishikana mikono tukicheka njiani.

Kabla sijatoka wadini nilimuuliza yule daktari kama Rukia atapona. Alisema wameanza kumtibu ipasavyo, chembe zikianza kupanda ni dalili njema, zisipopanda hawezi kuniahidi. Kisha nikamuuliza swali jengine: kama ningesema Jumapili, ingekuwa tofauti?

Alitazama saa yake. Akaniambia niende nyumbani nikale.

Sijala. Kesho saa sita mchana mlango wa wadi utafunguliwa tena, nami nitakuwa pale na uji mwepesi kwenye chupa, Swaleh anisemeze asinisemeze, mama anipe kiti au anisimamishe. Nitauliza chembe zimefika ngapi kabla sijamtolea mtu salamu.