Jitu Lile, Jitu Yule

Athumani,

Barua za watu wengine huanza kwa kuuliza hali. Yako sijui niulize nini, na mimi mwenyewe sina hali ya kukuarifu, kwa hivyo tuanze pale tulipoachia. Bado nasema ni yule, si lile.

Nimeifunika cherehani nikuandikie. Suruali yako ya kazi ingali hapa dukani Mtopanga, imekunjwa juu ya rafu, magoti nimeshayatia viraka. Ulisema utaipitia Ijumaa. Nimeshindwa kuifua kwa sababu ya vumbi jeupe lililo kwenye mishono, nimeshindwa kumpelekea mama yako, na mteja akitaka kuisogeza namkemea. Basi ipo tu.

Wasiotujua wangetucheka. Wanaume wazima wenye ndevu, wewe mkata mawe wa timbo la Mwakirunge, mimi fundi cherehani, tunanuniana wiki nzima kwa ajili ya katuni ya Kijapani. Manga, ungenisahihisha, katuni ni za watoto. Kila sura mpya ikitoka tulikutana mkahawani kwa Mama Zuhura, mimi na wewe, binamu yako Bakari, na Kadzo anayesomea umeme, mahamri kwa mbaazi yanapoa huku simu ikizunguka mkono kwa mkono. Na ugomvi ulikuwa ule ule: jitu la mawe la kulinda kijiji, ni hai au si hai?

Hoja zako ulizichota kwenye kazi yako ya mawe. "Jiwe moja la kujengea lanishinda mgongo, Kombo. Jitu la ghorofa tatu likanyage matope lisizame? Lapumua na nini, na mapafu halina?" Sikuwa na jibu la sayansi hata moja. Mimi nilimpendea haya zake. Vile anavyojificha nyuma ya kilima watoto wakimsalimia, na kichwa chote kiko nje. Kadzo ndiye aliyetuharibia kabisa, aliposema kwamba shuleni walifundishwa chenye uhai huitwa "yule," kwa hivyo ukitaka kujua mtu yuko upande gani, isikilize ngeli yake. Tangu siku hiyo, nikisema "jitu yule" unakohoa. Ukisema "jitu lile" naisogeza mbaazi mbali nawe.

Halafu ikaja ile sura ya ndege. Ulikuja dukani peke yako, suruali kwapani, ukaketi kwenye benchi ukasoma. Ndege ametaga sikioni mwa jitu, naye amelaza kichwa upande mmoja, mvua imnyeshee, jua limchome, maadui waje, hasogei. Nikakusikia ukisema polepole, "Masikini, yule hataki kuyavunja mayai." Nikausimamisha mguu kwenye pedali ya cherehani. Tukatazamana. Ukasema, "Hukusikia kitu. Na Kadzo asijue, wallahi nitakuhama." Nikaapa, huku nacheka mpaka nikaupotosha mshono wa sare ya watu.

Siku nne baadaye ukuta wa timbo ulikuangukia.

Nilikuja, Athumani. Nataka ujue kwamba nilikuja. Walituzuia juu barabarani, nyuma ya kamba, mimi na mama yako na majirani, tukingoja mashine ifike. Mikono hii imezoea sindano na uzi. Hata wangeniruhusu kushuka, ningeinua jiwe gani? Mama yako aliniuliza tena na tena, "Kombo mwanangu, waonaje, yu hai?" Nikamjibu inshallah, mama, inshallah, kwa sababu sikuwa na neno jingine. Bakari alikuwa chini na waokoaji. Baada ya alasiri akanipigia simu. Nilikuwa nikisubiri aseme "ametolewa." Akasema, "Umetolewa."

Herufi moja tu, a ikawa u. Hakutaja mwili, hakutaja kifo, wala hakuhitaji kutaja. Alipokata niliendelea kuishika simu sikioni, kwa sababu nilijua nikiishusha tu mama yako ataniuliza. Nikaishusha, akaniuliza. Sikumbuki nilimwambia nini.

Kuanzia saa ile nikawa nakusikia ukisemwa hivyo hivyo. Umefika. Umeshaoshwa? Maiti yatoka saa ngapi? Ni watu wema, waliokupenda, waliokuchimbia kaburi wenyewe, na asubuhi ya siku ile ile wangesema "Athumani yuwaja." Nilitamani nikohoe kama ulivyokuwa ukinikoholea. Sikukohoa. Nililibeba jeneza zamu yangu, nikampisha mwingine.

Sasa habari za baraza letu. Baada ya hitima imetoka sura mpya. Jitu amevunjika akilizuia daraja lisivukwe, amelala vipande vipande mtoni, na hakuna ajuaye kama ataamka. Kadzo akaandika kwenye kundi letu la simu kwamba kwa heshima yako tukubali umeshinda, na kuanzia leo sote tuseme "lile." Bakari akaweka mikono ya dua. Wakabaki kuningoja mimi, mpinzani wako. Ningefanyaje? Niseme kweli, nivunje kiapo na kukuaibisha ukiwa huwezi kujitetea? Au ninyamaze, nikusingizie neno uliloliacha mwenyewe kwenye benchi langu? Niliandika nikafuta, nikaandika nikafuta. Mwisho nikatuma: "Sawa. Jitu lile." Kadzo akasema ahsante. Nililia, na mbele yangu amesimama mama mmoja na kaptura ya mwanawe, akasema atarudi kesho.

Nimekasirika nawe pia, nikwambie. Umeniachia siri ambayo haina wa kucheka nayo. Jitu akiamka sina wa kumringia, na asipoamka sina wa kugombana naye. Suruali siwezi hata kuivaa, ni fupi. Kila ninaloligusa halisaidii kitu.

Nimegundua jambo moja tu, nalo ni dogo. Watu wakizungumza juu yako, "umetolewa" ni mwili. Nikikuambia mwenyewe, "umetolewa" ni wewe. Neno halikubadilika hata herufi, kilichobadilika ni anayeambiwa. Ndiyo maana nimekuandikia barua badala ya kukusimulia kwa watu. Usiniulize kama hoja hii ina sayansi, kwa sababu najua haina.

Siri yako naahidi kuitunza. Kadzo hatajua. Mbele yao nitasema lile, hata ulimi ukikataa, na nikiwa peke yangu na cherehani nitasema yule, kwa niaba yetu sote wawili. Mama yako nitamfikia Ijumaa, na suruali nitaibeba ndani ya mfuko, ingawa sijui kama nitaweza kuitoa.

Mwenyezi Mungu akupanulie kaburi, ndugu yangu. Kwaheri. Umetolewa timboni. Umeoshwa. Umeswaliwa. Umelala Kisauni, ubavuni mwa babu yako.

Nakuambia wewe.

Kombo