Sahani ya Mwadime

Mghange, Jumapili

Wifi yangu Mkamburi,

Pokea salamu kutoka huku kwenye ukungu. Maharagwe yamekubali, na mama yako bado ananicheka nikiponda maharagwe na mihogo ya kimanga. "Wakesho, unaponda kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto!" Nilimwambia aje aponde yeye, tukacheka.

Kila tukila huniagiza nimwekee Mwadime sahani yake. Nilikuwa namkumbusha kwamba kaka yako tulimzika mwaka jana. Basi alikuwa akilia upya, kama ndiyo kwanza anasikia, nami nikilia naye.

Alhamisi alimwaga chakula kitandani mara ya pili, na wiki nzima sikuwa nimelala vizuri. Nilimwinulia mwiko, wifi. Sikumpiga. Lakini alijifunika kichwa akasema, "Usinipige, mama." Aliniita mama, mimi mkwe wake. Nilitoka nikakaa migombani.

Sasa sahani ya Mwadime naiweka, na mama akishalala naila mimi. Asubuhi huuliza, "Alikula?" Namjibu, "Alimaliza yote." Anafurahi, nami pia.

Nampenda, lakini mtu aliyechoka hivi asiachwe peke yake na mzee. Omba likizo huko Voi, uje ukae naye wiki mbili, mimi niende kwa dada yangu kule Bomeni nilale. Tafadhali usiniambie nivumilie.

Siku utakayofika nitapakua sahani nne. Ya kaka yako utaila wewe, mama akishalala.

Wifi yako akupendaye,
Wakesho